Mvua Sita kwa Mama Mutuku

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Niliacha shule darasa la nane, na tangu hapo nimeshika jembe mara nyingi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, na pale ambapo sikuwa na hakika neno linaandikwaje, nimeliandika vile linavyotamkwa. Mumbe, wewe ndiye uliyeniomba niandike, kwa hivyo vumilia. Nimetumia Jumapili tisa baada ya kanisa. Daftari lenyewe lina kurasa thelathini na mbili tu, na likiisha nitakoma.

Watu watacheka wakisikia mtu wa miaka ishirini na saba akisema amestaafu. Lakini nimefanya kazi moja, mahali pamoja, kwa miaka saba, na nimeiacha nikiwa mzima na bila kugombana na mtu. Kama huko si kustaafu, basi sijui ni nini. Kazi yangu ilikuwa kutunza bustani ya Mama Mutuku, Kathonzweni. Namwandikia Mumbe, aliyechukua nafasi yangu, pamoja na wasichana wengine wanaotunza maboma ya watu, kwa sababu hakuna shule inayofundisha kazi hii. Mimi mdomo wangu ni mzito. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia siku ya pili. Karatasi haina haraka hiyo.

Nilitoka kwetu Kalamba mwezi wa kumi, jua likiwa kali, na nguo zangu kwenye mfuko mmoja. Nilifikiri nimeitwa kazi ya nyumba, kupika na kufua. Mama Mutuku alinipokea mlangoni akanitazama mikono. Uso hakuutazama.

"Wajua kulima?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kupika?"

"Ndiyo."

"Kupika najua mwenyewe. Njoo nje."

Nje hakukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali na mabati mekundu, na tangi la maji ya mvua pembeni. Upande mmoja kulikuwa na ua wa kayaba, ule mmea wa miiba, uliopandwa zamani. Pengine pote palikuwa udongo mwekundu mtupu, kuanzia mlangoni mpaka getini. Mume wake aliijenga nyumba hiyo akafariki kabla hajapanda hata mti mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameuza vitambaa miaka mingi kwenye mji mmoja wa barabara ya Mombasa, na sasa alikuwa amerudi nyumbani kukaa. Kivuli kilichokuwepo kilikuwa cha ukuta tu. Asubuhi aliweka kiti upande mmoja wa nyumba, jioni upande wa pili, na saa sita aliingia ndani chini ya mabati, ambako kulikuwa na joto zaidi kuliko nje.

Siku hiyo hiyo mwanawe Mutuku, kifungua mimba wake anayekaa Nairobi, alipiga simu. Mama huweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hivyo nilisikia yote bila kusikiliza.

"Mwaitu," akamwita kwa Kikamba, maana yake mama, "chumba kiko tayari. Hata pazia tumeweka. Unakaa kwa hilo jua peke yako ukingoja nini?"

"Nangoja mvua."

"Mvua gani?"

"Nipe mvua sita. Baba yako alijenga, wacha mimi nipande. Zikipita sita na hapa bado ni jangwa, nitakuja mwenyewe. Hutanivuta."

"Mvua sita ni miaka mitatu, Mwaitu!"

"Kumbe karo yangu haikupotea bure. Umehesabu vizuri."

Kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, ile ya mwezi wa kumi na moja na ile ya mwezi wa tatu. Hapo ndipo wawili hao walipopatana. Mama alizima simu akanigeukia.

"Umesikia. Mimi nimekuwa na jiko langu miaka arobaini. Sitaki kuzeekea kwa nyumba ya mtu nikiuliza kama naweza kuwasha moto. Shika hilo jembe."

Nieleze kuhusu vyombo, kwa sababu wasichana wengi hupewa vibovu wakanyamaza. Jembe liwe na mpini unaokufika kiunoni. Mrefu kuliko hapo utakupiga mbavu. Sururu utaihitaji kwa udongo wa kiangazi, maana jembe peke yake litaruka na kukurudia. Panga liwe dogo. Mimi pia nilikuwa na fimbo niliyoichonga alama kwa kisu, nikawa nikipimia miti kila Jumapili. Hakuna aliyenituma kupima. Nilipenda tu kuona.

Chombo kingine kilikuwa ufagio wa nje, wa vijiti, niliofunga mwenyewe. Mama yangu kule Kalamba alitufundisha kwamba msichana hujulikana kwa uwanja wake. Unafagia jua likichomoza, unaenda kinyumenyume ili nyayo zako zisibaki, na ukimaliza mistari ya ufagio inakaa kama nywele zilizosukwa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nasema bila kujisifu, kwa sababu mtaona ilinifikisha wapi.

Miche tulinunua sokoni kwa mwanamke anayeitwa Mama Syombua. Yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa ukimwambia hivyo atakuuliza kama una homa. Hauzi mche kabla ya kukuhoji.

"Huyu mtoto unampeleka wapi?" aliniuliza, akiwa ameushika mchungwa kama mtu aliyeshika kuku.

"Kwa Mama Mutuku."

"Shimo umechimba?"

"Bado."

"Basi rudi uchimbe, uje soko lijalo. Mimi siuzi miti ya kufa."

Shimo lake ni futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu unauweka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ukirudisha, ule wa juu ndio unaotangulia, ukiwa umechanganywa na mbolea ya mbuzi. Mbolea iwe ya zamani, iliyooza mpaka haina harufu. Mbichi huchoma mizizi. Mlimau wetu wa kwanza niliuua hivyo. Msiutafute, haupo. Mipapai unapanda mitatu kwenye shimo moja, unangoja maua. Dume hutoa maua kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, jike ua lake hukaa karibu na shina. Hapo unakata madume na kubakisha moja kwa bustani nzima. Mimi nilisita kuyakata. Mama akaniambia nikate bila huruma, kwamba hata kwenye kwaya ya kanisa kuna wanaume angewapunguza vivyo hivyo.

Tulipanda michungwa minne, milimau miwili, mitomoko mitatu, mipapai, mpera, na karibu na mlango mukau, ule mti wetu wa mbao unaokua haraka. Mvua ya kwanza ilinyesha vizuri. Sijui nieleze vipi nilichoona asubuhi ya siku ya nane. Kwenye kila mchungwa kulikuwa na majani mapya mawili au matatu, mekundu kidogo, laini kama sikio la mtoto. Nilikaa chini nikayaangalia mpaka chai ikapoa. Mukau ulipanda alama mbili kwenye fimbo yangu kabla ya Krismasi. Mama alikuwa akitoka na kikombe, anasimama mbele ya kila mti, anausalimia, anaenda kwa mwingine. Mvua moja imeisha, akasema, zimebaki tano, na tuko mbele.

Hatukuwa mbele. Mvua ya pili miti ilirefuka kidogo sana. Ya tatu miti ilisimama kabisa. Michungwa iligeuka rangi ya manjano, mitomoko ikabaki na urefu ule ule Jumapili baada ya Jumapili. Mipapai ilizaa matunda madogo kama mayai yakaanguka. Nilimwagia maji jioni, na asubuhi udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Nilidhani ni uvivu wangu. Kwa hivyo niliamka mapema zaidi, nikafagia asubuhi na jioni, chini ya kila mti, nikaokota kila jani na kuchoma takataka nyuma ya choo. Pakang'aa.

Kina mama wa kanisa huzunguka kuomba nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipofika walisimama getini wakastaajabu. Mama Kavata, ambaye ndiye kiongozi wao na ambaye hasifu ovyo, alisema, "Kwa uwanja huu mtu anaweza kumwaga muthokoi chini akaula." Usiku huo furaha ilininyima usingizi. Keshoye nikafagia mara tatu.

Mutuku alikuja kutuona baada ya mvua hiyo ya tatu. Si mtu mbaya, mjue. Alimletea mama yake blanketi na dawa za pressure. Alizunguka boma akiwa ameweka mikono mfukoni.

"Mwaitu, hivi ni vijiti."

"Vina majani."

"Nimehesabu. Huu una kumi na moja."

"Basi ni kumi na moja zaidi ya yale yaliyokuwepo."

Lakini alipoondoka, Mama aliyahesabu majani mwenyewe, mti kwa mti, mpaka jioni. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mwikali, hii mchanga imekataa?" Jibu sikuwa nalo, na halikunijia hata siku ya pili.

Nilienda sokoni kwa Mama Syombua nikiwa na jani moja la mchungwa kwenye leso. Nilikusudia kueleza yote, nikaishia kumpa jani tu. Aliligeuza, akafunga miche yake kwenye gunia akamwachia jirani wa soko, akasema twende. Njiani alinisimulia habari za mbuzi wake. Tulipofika getini akasimama. Hakutazama miti. Alitazama chini, kwenye mistari yangu.

"Nani anafagia hapa?"

"Ni mimi." Nilisema kwa kujivuna, kwa sababu nilidhani anasifu.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Na chini ya miti pia."

"Asi! Mungu wangu." Akapiga magoti kwenye mchungwa akaniita. "Kuja uone kazi yako. Hii ni nini?"

Ilikuwa mizizi. Ilitokeza nje kuzunguka shina, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Nilikuwa nimeipita kila siku kwa ufagio wangu, nikidhani ni vijiti visivyotoka.

"Siku ulipanda, hii ilikuwa ndani ama nje?"

"Ndani."

"Udongo umeenda wapi?"

Akaniomba kikombe cha maji. Alimwaga nusu pale chini ya mchungwa. Maji yalisimama kidogo, yakateleza yakielekea getini kama yanayokimbia deni. Nusu nyingine aliimwaga chini ya ua wa kayaba, mahali ambapo ufagio haukufika kwa sababu ya miiba, na majani yalikuwa yameanguka miaka mingi. Maji yaliingia mara moja. Akachimbua kwa kidole akatoa udongo mweusi wenye mnyoo ndani.

"Kumbe udongo mzuri mnao. Mmeuficha kwa miiba," akasema. "Msichana, wewe si mvivu. Hiyo ndiyo shida. Mvivu angekuwa amevuna papai saa hii."

Alicheka mpaka akashika ua, halafu akalaani kwa sababu kayaba imemchoma. Mimi nilikuwa nikilia bila sauti. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nimeamka mapema kumnyang'anya Mama udongo wake, karai kwa karai, na watu wakinisifu.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia. Nilijua nitafukuzwa na nikaona ni haki. Lakini aliutazama uwanja muda mrefu, akasema, "Hata mimi ningemfukuza msichana ambaye hafagii. Tumekosa pamoja." Kisha akatoka, akachora mstari kwa fimbo yangu ya kupimia, kutoka getini hadi mlangoni, upana wa watu wawili. "Hapa utafagia. Kwingine kote ni kwa miti. Na ukiona mkono unawasha, njoo nikupe sufuria usugue."

Uliwasha kweli. Msidhani ni rahisi. Nilileta mabua ya mahindi, maganda ya mbaazi na nyasi kavu, nikatandaza chini ya miti na kuliacha kila jani mahali lilipoangukia. Kila asubuhi nilitazama uchafu ule nikaona aibu kana kwamba nimetoka nje bila kitambaa cha kichwa. Tena mchwa walikuja. Nyasi kavu ni karamu kwao. Hapa mnisikilize vizuri: matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya shubiri moja pande zote, na kwenye nafasi hiyo weka jivu la jikoni. Nilipoteza mtomoko mmoja kabla sijajua hivyo. Na maji usigawe kikombe kikombe kila siku kama anayegawia watoto uji. Chukua mtungi mzima, upe mti mmoja unywe mpaka chini, kesho mpe mwenzake. Mizizi hufuata maji. Ukiyaacha juu, nayo itakaa juu.

Zamu ya maombi ilipofika tena, kina mama walisimama getini kama mara ile, lakini hakuna aliyestaajabu kwa wema. Waliinua nguo wakapita kwenye njia yangu nyembamba. Nilikuwa jikoni nikimimina chai, na dirisha lilikuwa wazi.

"Kumbe huyu msichana alikuwa anajionyesha tu mwanzoni," alisema Mama Kavata. "Sasa ameshazoea, ameacha kazi. Mama Mutuku, utaumwa na nyoka hapa."

"Nyoka akija nitampa chai," Mama akajibu. "Ninyi huja zamu ikifika tu, vikombe vinakaa bure."

"Nasema kwa upendo, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimeweka sukari. Mwikali! Leta chai, na uwaambie unafanya nini na hayo majani."

Nilitoka na sinia. Nilijua kabisa cha kusema, nilikuwa nimekipanga. Nikasema, "Karibuni chai," nikarudi jikoni. Mama hakunilaumu. Aliwaeleza mwenyewe, na nusu yao hawakuamini.

Mvua ya nne ndiyo iliyoanza kuwajibu. Udongo ulikuwa umelainika, ukitia kidole kinaingia mpaka kifundo cha pili, na ndani kuna baridi hata saa nane mchana. Michungwa ilirudi kijani, kwanza kwenye mishipa ya jani, halafu jani zima. Mukau ulinipita mimi, ukapita mlango, na kwenye mvua ya tano ukapita mabati. Fimbo yangu haikutosha, nikaiacha. Ndege wadogo wenye mdomo mrefu walikuja kwenye maua ya mlimau, na sikujua walikuwa wakikaa wapi siku zote hizo. Mipapai ilibeba mpaka tukaiegemeza kwa nguzo. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba miti ilianza kusaidiana bila mimi. Mukau uliangusha majani, majani yakalinda unyevu, unyevu ukalea mpera ambao sikuwa nimeumwagilia kwa mwezi mzima. Nilikuwa napita nikitafuta kazi na kazi imeshafanyika. Sijawahi kuona mtu mwenye bidii kama bustani iliyoachwa itulie.

Mvua ya sita ilikuwa mbaya. Ilinyesha siku chache ikakata. Mboga za sukuma wiki za majirani zilikauka kwa mistari. Zetu, zilizokuwa kwenye kivuli cha mipapai, zilikunja majani mchana na kuyakunjua jioni. Hazikufa. Tulikula mboga mpaka mwezi wa saba, na machungwa matano ya kwanza yakaiva. Mama alikula moja, moja akanipa mimi, moja akampelekea Mama Syombua. Mawili aliyaacha mtini ili Mutuku ayaone.

Kwa sababu mvua sita zilikuwa zimeisha, na Mutuku hakuwa amesahau. Alikuja Jumamosi asubuhi na pikapu ya kukodi, turubai, kamba na dereva. Jana yake Mama alikuwa amekunja mablanketi na kufunga sufuria kwenye shuka. Nilimuuliza kwa nini anafunga na bustani iko vile. Alisema, "Nilitoa neno. Yeye ndiye aseme kama ni jangwa. Nikisema mimi, ni kujipa maksi mwenyewe."

Mutuku alizunguka boma lote polepole, mikono ikiwa nje ya mifuko. Alishika machungwa yale mawili bila kuyachuma. Akarudi akakaa kwenye jiwe chini ya mukau.

"Ni pazuri, Mwaitu. Nakubali. Sikudhani."

"Asante."

"Lakini sikuwa nakuja kwa sababu ya miti. Miti ilikuwa maneno yako. Mimi nalala nikifikiria ukianguka hapa, nani atajua? Mwikali ataolewa. Utakaa na nani, na mpera?"

Mama aliinama akaangalia mikono yake. Mimi nilikuwa nimesimama na chai, nikaona miaka mitatu ikipakiwa kwenye pikapu. Mutuku akasema watapakia jua likipungua, akalegeza viatu.

Basi wakati wanangoja jua, watu wakaja, kama wanavyokuja. Mtoto wa jirani aliingia na bakuli, mama yake ana homa anaomba limau. Wasichana wawili wa shule wakapita kupumzika chini ya mukau na vitabu vyao. Kisha yule mzee anayeuza maji kwa punda alisimamisha punda getini akachungulia.

"Mama Mutuku! Uko?"

"Niko, kwani?"

"Sijakuona kwa njia asubuhi, nikasema wacha nipitie nijue kama ni mgonjwa."

"Nina mgeni. Huyu ni Mutuku."

"Ala! Yule wa pazia?" Kumbe Mama alikuwa amewahadithia. Mutuku alikohoa.

Baadaye wakaja kina mama wanne, Mama Kavata mbele, na gunia mkononi. Alikuwa anataka mche wa mtomoko kati ya ile niliyoiotesha, na alitaka kuonyeshwa jinsi ya kutandaza majani, "lakini bila nyoka." Aliona sufuria zimefungwa kwenye shuka pale mlangoni, akasimama.

"Hii ni nini? Mnahama?"

"Nilimpa mwanangu neno," Mama akasema.

"Na maombi ya mwezi ujao tutafanyia wapi? Kwangu hakuna kivuli!"

Mutuku alinitazama mimi. "Hawa wote wanatoka wapi?"

Na safari hii, sijui kwa nini, jibu lilinijia papo hapo. "Ni wa kila siku," nikasema. "Leo hata ni wachache, wengine wako soko. Zamani hawakuwa wakiingia, hakukuwa na pa kukaa. Sasa asipotoka asubuhi, wanamtafuta."

Nilitaka kurudi jikoni, lakini nilikuwa nimeshasema.

Mutuku aliwatazama wanafunzi, punda, kina mama waliokuwa wameshainama kwenye majani wakibishana. "Kwangu," akasema, kama anayejisemea, "tumekaa miaka minne, na jirani wa mlango wa pili simjui jina." Aliinuka akaenda kwenye pikapu, akafungua turubai. Mimi na yeye tukapakia mapapai, malimau, gunia la ndizi alizokuwa amenunua sokoni akija, na miche miwili ya mitomoko kwenye mikebe. Dereva alishuka akatazama nyuma ya gari, akazunguka akatazama tena.

"Bosi, mzigo ndio huu?"

"Ndio huu."

"Na mama?"

"Mama ana wageni," Mutuku akasema, akapanda.

Miaka minne iliyofuata sina mengi ya kuandika, maana kazi ilikuwa kupogoa, kuvuna na kukaa. Michungwa ilikutana matawi. Huko kwenye bustani iliyokomaa kuna saa ya asubuhi, jua likipenya kwa vipande, ambayo nisingeibadilisha na mshahara wa mtu yeyote. Mutuku alitabiri sawa, nimeolewa, na sasa niko Tulia, upande wa Kitui. Nimechimba mashimo kumi na mawili. Udongo wa hapa una mchanga mwingi, maji yanapita kama kwenye kichungio. Nyote mliowahi kupanda michungwa kwenye mchanga, niandikieni mlifanyaje, hata mistari miwili. Mama Syombua yuko mbali sasa na hapokei simu akiwa sokoni.

Nawe Mumbe, niandikie zaidi. Usiniandikie kama Mama ni mzima. Hilo ataniambia mwenyewe kwa simu, na atasema ni mzima hata akiwa kitandani. Wewe kaa chini ya mukau siku moja nzima, uhesabu ni watu wangapi wameingia getini, uniandikie hesabu hiyo tu. Mengine nitajua.